Madaftari ya Kanisa: Jinsi Kibarua wa Kijijini Uingereza Anavyopatikana Baada ya Miaka 250

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimefunga duka. Sijafunga. Nilikuwa nimezama katika kazi moja iliyoanza kama kibarua kidogo cha kusafisha data, ikaishia kunikesha usiku nikisoma sheria za Uingereza za miaka ya 1600. Leo nawasimulia niliyojifunza. Kama unatengeneza programu, utachota kitu humu. Kama hutengenezi, basi siku Mwingereza akikuambia kwamba anamjua kwa jina babu wa babu wa babu yake, utajua amelitoa wapi jina hilo na umwamini kiasi gani.

Kazi yenyewe ni hii. Mteja wangu ni mzee mstaafu ambaye ukoo wake ulitoka katika kijiji kimoja cha kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi amekuwa akinakili kwa mkono daftari la kanisa la kijiji hicho na kuliingiza katika jedwali la Excel: nani alibatizwa, nani alioa, nani alizikwa, mwaka hadi mwaka. Maelfu ya mistari. Alitaka programu itakayounganisha mistari hiyo iwe familia, yaani huyu mtoto aliyebatizwa ndiye yule kijana aliyeoa, na ndiye yule mzee aliyezikwa.

Ukisikia hivyo unafikiri ni kulinganisha majina tu. Lakini daftari la kanisa ni hifadhidata iliyojazwa kwa miaka 300 na watu wengi ambao hawakuwahi kuonana, na kila baada ya muda serikali ilibadilisha kanuni za kuijaza. Mwenye kusoma majina bila kujua kanuni za mwaka husika atapata mababu, tena wengi, ila watakuwa mababu wa mtu mwingine. Kwa hiyo tuanze na kanuni.

Amri ya 1538

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri mwenye nguvu kuliko wote chini ya Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na daftari. Kila Jumapili kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko yote ya wiki iliyopita, mbele ya mzee wa kanisa kama shahidi. Daftari lifungiwe katika kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae na kasisi na wa pili na wazee wa kanisa. Asiyeandika atozwe faini ya shilingi 3 na peni 4.

Hebu fikiria. Karne nne na zaidi kabla ya nywila, kulikuwa na mfumo ambao mtu mmoja peke yake hawezi kuufungua. Mwaka 1603 kanisa liliongeza kufuli ya tatu.

Wananchi hawakufurahia. Wengi walinong'ona kwamba huo ni ujanja wa kuleta kodi. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Kwa miaka 60 ya kwanza makasisi wengi waliandika kwenye karatasi, na karatasi katika kanisa la mawe lenye unyevu haidumu. Mwaka 1598 ikaja amri mpya chini ya Malkia Elizabeth I: nunueni madaftari ya ngozi, nakilini humo yote ya zamani, hasa tangu Malkia alipoanza kutawala. Malkia alianza kutawala 1558. Unaona kilichotokea? Makasisi walisikia neno "hasa" na wengi wakaanzia hapo hapo. Ndiyo maana madaftari mengi ya Uingereza yanaanza 1558 na si 1538. Miaka 20 ya watu ilipotea kwa sababu ya neno moja katika maelekezo.

Amri hiyo hiyo ilileta jambo jema pia. Kila mwaka parokia ilitakiwa kupeleka kwa askofu nakala ya yaliyoandikwa. Hiyo ni bekapu, tena iliyowekwa mahali pengine kama tunavyoshauriwa leo. Kanisa likiungua au panya wakila daftari, nakala ya askofu huwa imebaki. Mara nyingine daftari na nakala havikubaliani, maana kasisi aliyekuwa akinakili mwisho wa mwaka alirekebisha hiki na kuruka kile.

Halafu kuna shimo kubwa. Kuanzia 1642 Uingereza iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makasisi wengi walifukuzwa, wengine walificha madaftari. Mwaka 1653 Bunge liliwanyang'anya makasisi kazi ya uandishi na kumpa karani aliyechaguliwa na wenyeji, na ndoa zikapelekwa kwa mahakimu. Mfalme aliporudi 1660 mambo yakarudi kama zamani. Ukifuatilia ukoo ukafika miaka hiyo ukakuta kimya, usiseme familia ilihama. Huenda ilikuwa pale pale na hakuna aliyekuwa akiandika.

Mwaka usioanza Januari

Hapa ndipo wanaprogramu watakaponipenda au kunichukia.

Mpaka 1751, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Baada ya 24 Machi 1720 ilifuata 25 Machi 1721. Maana yake Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilikuwa mwishoni mwa mwaka.

Sasa chukua wanandoa waliofunga ndoa Aprili 1720, na mtoto wao akabatizwa Februari 1720. Ukisoma kwa macho ya leo, mtoto amekuja miezi miwili kabla ya harusi, na bibi harusi wa watu umemvunjia heshima. Ukisoma kwa kalenda yao, Februari ilikuja baada ya Aprili, na mtoto alibatizwa miezi kumi baada ya harusi. Wanaofanya kazi hii huandika tarehe hiyo 1720/21 ili asiwepo wa kudanganyika.

Kisha 1752 Uingereza ikaacha kalenda ya Julius na kuingia ile tunayotumia sote. Ili kulingana na nchi nyingine waliruka siku 11: Jumatano tarehe 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi tarehe 14 Septemba. Kama una Linux yenye programu ya kalenda, fungua dirisha la amri uandike cal 9 1752. Utaona mwezi wenye tundu katikati. Waliotengeneza programu hiyo walifuata historia ya Uingereza.

Lakini iulize PostgreSQL kati ya 2 Septemba na 14 Septemba 1752 kuna siku ngapi. Itakujibu 12, kwa sababu inaitumia kalenda ya sasa kurudi nyuma bila kikomo. Kwa mkulima wa Norfolk ilikuwa siku moja tu. Kwa hiyo katika jedwali langu kila tarehe ina nafasi mbili: ya kwanza ni maandishi kama yalivyo daftarini, herufi kwa herufi, na hayaguswi kamwe. Ya pili ni tarehe iliyokokotolewa kwa ajili ya kupanga na kulinganisha. Hesabu ikionekana na kasoro, unarudi kwenye maandishi.

Jina lililoandikwa kwa sikio

Kibarua wa shamba wa mwaka 1700 mara nyingi hakujua kuandika. Alitamka jina lake, na kasisi aliandika alichosikia. Kasisi huyo pengine alitoka kaunti nyingine, amesoma Oxford au Cambridge, na lafudhi ya kijiji ilimpita. Jina moja la ukoo likaandikwa kwa namna nne au tano ndani ya kizazi kimoja. Na kabla ya 1733, sheria ilipoondoa Kilatini katika kumbukumbu rasmi, baadhi ya makasisi walitafsiri majina: William akawa Gulielmus, James akawa Jacobus. Shakespeare mwenyewe ameandikwa Gulielmus katika daftari la Stratford, aliyebatizwa 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haijaandikwa popote. Ile ya 23 Aprili ambayo dunia inaisherehekea ni makadirio, kwa sababu daftari lilikuwa la ubatizo, si la kuzaliwa.

Dawa ya zamani ya tatizo la majina ni Soundex, mbinu ambayo Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918. Unabakiza herufi ya kwanza, unaacha irabu, unazipa konsonanti zinazofanana sauti tarakimu moja, mpaka upate tarakimu tatu. Smith inakuwa S530, na Smyth inakuwa S530. Ukiwa na Mohamed, Mohammed na Muhammad, wote wanakuwa M530, kwa hiyo hata hapa Mombasa ingefaa.

Ila ina mapungufu, na yanauma zaidi vijijini. Waingereza wengi wa mashambani hawaitamki h mwanzoni mwa neno. Harris akitamka jina lake, kasisi anaandika Arris. Soundex inampa wa kwanza H620 na wa pili A620, watu wawili wasiojuana. Sisi wenyewe tunajua r na l zinavyobadilishana nafasi vinywani mwetu, na Soundex inazipa tarakimu tofauti. Kwa hiyo niliitumia kama chujio la kwanza tu, nikaongeza orodha ya majina yanayobadilika kijijini hapo. Orodha hiyo aliitengeneza mteja mwenyewe. Hakuna mbinu ya kompyuta inayoshinda mtu aliyesoma daftari moja kwa miaka mingi.

Fomu hubadilika

Kwa muda mrefu kasisi aliandika alivyopenda. Mmoja anaandika "John mwana wa William na Mary" basi. Mwingine anaongeza kazi ya baba. Mkarimu kuliko wote alikuwa William Dade, kasisi wa Yorkshire. Katika miaka ya 1770 alianza kuandika katika ubatizo majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, kazi zao na makazi yao, na askofu mkuu wa York akahimiza dayosisi yake ifuate. Ukikuta babu yako alibatizwa kwa mtindo wa Dade, umepata vizazi vitatu katika mstari mmoja. Ni bahati ya kuokota pochi.

Serikali nayo ilitaka usawa. Sheria ya ndoa iliyoanza kufanya kazi 1754 ilileta daftari lililopigwa chapa, na maharusi wakatakiwa kutia sahihi au alama ya msalaba. Alama hizo zimewasaidia wanahistoria kupima elimu ya zamani: wakati huo wanaume kama 60 katika 100 waliweza kuandika majina yao, na wanawake wasiozidi 40. Kisha kuanzia 1 Januari 1813, kwa sheria iliyopelekwa Bungeni na George Rose, ubatizo na maziko vikapata fomu zenye nafasi nane kwa kila ukurasa. Kwa ubatizo: jina, wazazi, makazi, kazi ya baba, aliyebatiza.

Kwa parokia zilizokuwa zikiandika kidogo, hiyo ilikuwa neema. Kwa zile zilizomfuata Dade ilikuwa hasara, maana fomu haikuwa na mahali pa kumweka bibi. Nani kati yetu hajawahi kuona mfumo mpya ukija na kufuta taarifa nzuri za mfumo wa zamani kwa sababu haukutenga nafasi yake?

Pesa ndiyo iliyomwandika maskini

Mwaka 1783 ile hofu ya wananchi wa 1538 ilitimia, miaka 245 baadaye. Serikali iliyokuwa na madeni ya vita vya Marekani iliweka kodi ya peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yatakayoandikwa. Mafukara walisamehewa. Ghafla vijiji vikajaa mafukara, na wazazi wengine hawakuwapeleka watoto kabisa. Kodi ilifutwa 1794, na hapo katika baadhi ya parokia utakuta familia inabatiza watoto wanne kwa siku moja, mkubwa ana miaka tisa. Programu isiyojua historia hiyo itasema mama alizaa mapacha wanne.

Lakini pesa haikuharibu tu. Kwa sheria ya 1601, kila parokia iliwajibika kulisha maskini wake kwa kodi ya wenye mali wa hapo hapo. Swali likawa: maskini wa nani? Sheria ya 1662 ikasema kila mtu ana parokia moja anayohesabiwa kuwa mkaazi wake, na akionekana kuwa mzigo mahali pengine, arudishwe kwao. Mwanamume angeweza kupata ukaazi mpya kwa kuajiriwa mwaka mzima, au kupanga nyumba ya pauni 10 kwa mwaka, kiasi ambacho kibarua hakukiota.

Kwa hiyo kibarua akiugua au akikosa kazi, aliitwa mbele ya mahakimu na kuhojiwa kwa kiapo: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, kwa muda gani, ulioa lini, watoto wangapi. Majibu yaliandikwa. Kama hana haki, inatoka amri ya kuondolewa, na anasindikizwa na mkewe na watoto hadi parokia nyingine. Msichana aliyepata mimba bila ndoa alibanwa ataje baba wa mtoto, ili baba atie sahihi ya kulipa na si wenye kodi. Kuanzia 1697 hadi 1810 sheria iliwataka waliopokea msaada wavae herufi P kwenye nguo, pamoja na herufi ya parokia yao.

Yote hayo yaliingia katika kasha lile lile la kanisa. Ni karatasi za ukatili, zilizoandikwa ili kuokoa shilingi. Lakini mkulima wa wastani, asiyewahi kuomba msaada, ana mistari mitatu tu katika maisha yake yote: ubatizo, ndoa, maziko. Fukara aliyefukuzwa mara mbili ana kurasa nzima zinazosimulia maisha yake, karibu kwa maneno yake mwenyewe.

Neno moja katika mstari wa 1759

Kabla ya kurudi kwa mteja wangu, nataka mkutane na mtu mwingine aliyefunga ndoa jirani na Norfolk. Tarehe 7 Aprili 1792, katika mji mdogo wa mashambani uitwao Soham, kaunti ya Cambridgeshire, Susannah Cullen aliolewa na Mwafrika mashuhuri kuliko wote Uingereza wakati huo: Olaudah Equiano. Mtumwa aliyejinunua, baharia, na mwandishi wa kitabu cha 1789 kilichosaidia vita dhidi ya biashara ya watumwa.

Ukitafuta Equiano katika madaftari hutampata. Jina lake la kila siku lilikuwa Gustavus Vassa, alilopewa na aliyemmiliki, na ndilo alilobatizwa, akaolea, na kuwapa binti zake wawili. Alifariki 1797, na mwaka huo huo bintiye mkubwa, Anna Maria, akafariki akiwa na miaka mitatu. Ukutani kwa kanisa la Chesterton, ambalo leo limo ndani ya jiji la Cambridge, kuna bamba la kumkumbuka mtoto huyo.

Katika kitabu chake Equiano alisema alizaliwa katika nchi ya Waigbo, akatekwa akiwa mtoto. Mwaka 1999 mtafiti Vincent Carretta alichapisha alichokikuta katika daftari la kanisa la St Margaret's, Westminster: ubatizo wa 9 Februari 1759, ambapo kijana Vassa ameandikwa kuwa mzaliwa wa Carolina, Marekani. Orodha ya mabaharia ya 1773 nayo inamweka South Carolina. Mjadala ulipamba moto, na wanahistoria kama Paul Lovejoy walitetea maelezo ya Equiano mwenyewe.

Kwangu mimi swali la mwanaprogramu ni hili: nani alijaza nafasi hiyo? Kijana wa kama miaka 12 au zaidi kidogo, mali ya ofisa wa jeshi la majini, amesimama kanisani. Aliulizwa yeye, au waliulizwa waliompeleka? Walijua, au walikisia? Daftari halisemi. Daftari linatuthibitishia jambo moja tu: siku ile, mbele ya kasisi yule, neno Carolina liliandikwa. Linaweza kuwa kweli. Linaweza kuwa jibu rahisi la mtu asiyejali. Lakini haliwi ukweli kwa sababu tu limeandikwa kwa wino na lina tarehe. Neno moja, na asili ya mtu mzima inatiwa shaka miaka 240 baadaye.

William wawili

Sasa turudi Norfolk. Mti wa ukoo wa mteja wangu ulikuwa na nguzo moja muhimu: William, kibarua wa shamba, aliyefunga ndoa kijijini 1791. Katika daftari kuna William wa ukoo huo aliyebatizwa 1768, umri unaofaa kabisa. Juu yake kulikuwa na vizazi vingine vitano hadi miaka ya 1600. Mzee aliuchapisha mti huo na kuwapa wajukuu zake ukiwa ndani ya fremu.

Kanuni ya kwanza niliyoiweka katika programu ni hii: kabla ya kumwoza mtoto yeyote, mtafute makaburini. Karne zile watoto wengi walikufa kabla ya mwaka mmoja, na wazazi walilirudia jina kwa mtoto anayefuata. Programu ikapita katika maziko na kuleta mstari wa 1769: William, mtoto mchanga, mwana wa wazazi wale wale. Hakuna William mwingine aliyebatizwa katika nyumba hiyo baadaye.

Kwa hiyo bwana harusi wa 1791 alikuwa nani? Daftari la ndoa linasema "wa parokia hii", lakini maneno hayo yalimaanisha tu kwamba wakati huo alikuwa akiishi pale. Nilimwandikia mzee, nikamwekea mistari yote miwili bila kupamba. Siku nne kimya.

Siku ya tano alijibu kwamba amepanda basi hadi hifadhi ya nyaraka ya kaunti mjini Norwich. Humo, katika karatasi za maskini za kijiji chake, alimkuta. William, kibarua, amehojiwa na mahakimu miaka michache baada ya ndoa, ana mke na watoto wawili, hana kazi. Anasema alizaliwa parokia nyingine umbali wa maili tisa. Mzee akafuata daftari la parokia hiyo na kumpata, amebatizwa kwa jina la mama tu. Nafasi ya baba haina kitu.

Vizazi vitano vikafutika. Badala yake akapata mwanamke mmoja, na juu ya mwanamke huyo, kwa sasa, ukuta. Nilitarajia hasira. Aliniandikia kwamba William wa kwanza amekuwa naye kwa miaka 30 na hataki kumfuta, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayemkumbuka mtoto yule. Akaniomba nimwekee mahali pake katika hifadhidata, bila kiungo kwa mtu yeyote chini yake. Nimemwekea. Fremu za wajukuu, anasema, atazibadilisha Krismasi.

Kwa wanaotaka kujaribu

Leo si lazima upande basi. FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni, ilifunguliwa mtandaoni 1999, na 2021 ilimaliza kugeuza filamu zake ndogo milioni 2.4 ziwe picha za kompyuta. FreeREG ni ya watu wa kujitolea wanaonakili madaftari mstari kwa mstari, bure. Ancestry na Findmypast ni za kulipia. Na kwa sheria ya kanisa ya 1978, madaftari yaliyopita miaka 100 kwa kawaida huhamishiwa hifadhi za nyaraka za kaunti, kwa hiyo yale makasha ya kufuli tatu mengi sasa ni mapambo.

Kazi ya kujitolea haikuanza na intaneti. Mwaka 1964 kikundi cha watafiti kiliundwa Cambridge, na mamia ya wapenzi wa historia vijijini wakakijazia fomu kwa mkono, wakihesabu ubatizo, ndoa na maziko mwezi kwa mwezi. Kutokana na parokia 404, Wrigley na Schofield walichapisha mwaka 1981 historia ya idadi ya watu wa Uingereza tangu 1541. Nchi ilihesabiwa kwa sensa mara ya kwanza 1801. Miaka 260 ya kabla yake imejulikana kwa sababu mtu fulani alikaa na daftari la kanisa na penseli.

Kwa wenye kutengeneza mifumo, haya ndiyo niliyoyaweka katika kazi hii:

1. Maandishi ya asili yakae peke yake, na tafsiri yako ikae peke yake.
2. Kila kiungo kati ya watu wawili kiwe na sababu iliyoandikwa, ili anayekuja aweze kuipinga.
3. Nafasi tupu ziwe za aina tofauti. "Haikuandikwa", "ukurasa umeraruka" na "baba hakutajwa" si kitu kimoja.
4. Kila mwaka ujue kanuni zake. Usilinganishe mstari wa 1760 na wa 1820 kana kwamba vilitoka katika fomu moja.

Na hapa kwetu? Wamisionari wa Kianglikana waliofika Rabai 1846, na waliofungua Frere Town 1875 kwa ajili ya watu walioachiwa kutoka utumwani, walikuja na utamaduni huo huo wa daftari. Waliobatizwa pale walipewa majina mapya, kama Vassa alivyopewa lake. Kuna watu Mombasa na Kilifi leo ambao mstari wa kwanza wa ukoo wao uko katika daftari la kanisa, umeandikwa na mgeni aliyesikia jina kwa sikio lake na kujaza nafasi ya mahali pa kuzaliwa alivyoona inafaa. Ukibahatika kuuona mstari huo, uusome kwa heshima, kisha uulize nani alishika kalamu.

Kama una daftari la zamani kanisani kwenu, au babu aliyeandika majina ya ukoo nyuma ya Biblia, piga picha leo, kila ukurasa, hata zile tupu. Na kama umewahi kufanya kazi ya namna hii, niandikie hapa chini. Wiki ijayo nitaeleza jinsi nilivyoandika ile sehemu ya kulinganisha majina.